Mulberry, Mtaa wa Waliotoka Napoli

Msikilizaji, anayesema "Waitaliano wa New York" amefupisha mno. Mwishoni mwa karne ya 19, katika Little Italy ya Manhattan, waliotoka Napoli walijazana barabara ya Mulberry, na Wasisilia wakashika Elizabeth, alikokulia mwongozaji wa filamu Martin Scorsese. Kila kundi lilikuja na lahaja yake na mtakatifu wake. Wanapoli ndio walioanzisha, mwaka 1926, sikukuu ya San Gennaro, ambayo bado hufanyika Septemba.

Wajukuu wamehamia vitongojini, na Chinatown, mtaa jirani wa Wachina, umesogea hadi mlangoni. Mikahawa ipo, majirani wametawanyika, na hilo linaniuma, maana mtaa ni watu. Mwaka 2010 mitaa ya Little Italy na Chinatown iliingizwa kwa pamoja katika orodha ya kitaifa ya maeneo ya kihistoria ya Marekani.