Mnunuzi Arudiye: Maneno juu ya Biashara Ndogo ya Maua

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi letu na jamaa zao)



Tumeombwa tuseme machache juu ya biashara ndogo ya maua ya kukatwa, na hasa juu ya jambo moja: jinsi ya kumfanya mnunuzi arudi. Labda mmoja atauliza, chama cha wafanya kazi kina habari gani na maua? Jawabu ni jepesi. Si kila mwenzetu wa reli ana kazi ya kudumu. Wengine ni watu wa mkataba, na mkataba ukiisha, watoto hawaachi kula. Katika nyumba nyingi za wenzetu, karo ya shule imelipwa na mama anayekaa na ndoo zake za maua kando ya barabara. Biashara hiyo ikianguka, nyumba huanguka pamoja nayo. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Kwanza yafaa tujue maua ni bidhaa ya namna gani. Sukari ikikosa mnunuzi leo, itauzwa kesho. Ua halingoji. Ni kama gari la moshi: saa yake ikipita, limekwenda. Ndiyo maana katika biashara hii mnunuzi wa kudumu ana thamani kuliko katika biashara nyingine.

Na tufanye hesabu kidogo. Tuseme mama amenunua mashina 200 ya waridi kwa Sh. 15 kila moja. Ametoa Sh. 3,000. Hajui nani atakuja. Anauza 140 kwa Sh. 30, apata Sh. 4,200, na 60 yanyauka katika ndoo. Kilichobaki mkononi ni Sh. 1,200. Sasa tuseme mama wa pili ana wanunuzi wake: kanisa moja, hoteli ndogo, na nyumba kadhaa, nao wamemwambia mapema wanataka nini. Ananunua 150 tu, kwa Sh. 2,250. Anawapunguzia bei hata Sh. 27, anauza 145, apata Sh. 3,915. Kilichobaki ni Sh. 1,665. Ameuza kwa bei ya chini, naye amepata zaidi, kwa sababu hakutupa maua. Hiyo ndiyo faida ya mnunuzi arudiye. Mnunuzi huyo hukuambia leo ununue kiasi gani kesho.

Mashamba makubwa ya Naivasha, Thika na Athi River yana njia nyingine. Maua yao mengi yamepita katika mnada wa Aalsmeer, Uholanzi. Huko mnada huenda kwa saa: bei huanza juu na kushuka, na wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye apataye. Saa ile haimwulizi mnunuzi kama ataridhika. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa Korona ulipofunga Ulaya, bei katika mnada ule ilianguka, maua yakaharibiwa, na wenzetu wengi wa mashamba ya maua hapa Kenya wakarudishwa nyumbani. Hatusemi haya kuwacheka. Twasema ili muuzaji mdogo ajue nguvu yake iko wapi. Yeye hawezi kushindana kwa wingi wala kwa friji kubwa. Lakini anaweza kumjua mnunuzi wake kwa jina, na saa ya mnada haiwezi.

Sasa, mnunuzi hurudishwa na nini?

La kwanza ni ua lenyewe kudumu. Wazee walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi hahukumu ua pale barabarani. Analihukumu siku ya nne, mezani kwake. Basi maua yakatwe asubuhi na mapema, kabla ya jua kali. Yatiwe majini mara moja. Ndoo isuguliwe kwa sabuni kila siku, maana maji machafu huziba mishipa ya shina, na waridi huinamisha kichwa ingawa limesimama majini. Majani yatakayozama yaondolewe, kwa kuwa huoza. Maua yasikae jua kali, wala karibu na ndizi au maembe yaliyoiva. Matunda yaivayo hutoa hewa inayozeesha maua upesi, hasa kaneshoni. Haya yote mwambie na mnunuzi: akifika nyumbani akate ncha ya shina kwa mshazari kwa kisu kikali, na abadilishe maji kila baada ya siku mbili. Maneno hayo hayagharimu senti, nayo humwongezea siku za kufurahia fedha yake.

La pili ni ukweli. Maua mengi yauzwayo mitaani ni yale ambayo mashamba hayakuyapeleka ng'ambo, kwa kuwa shina ni fupi au limepinda. Si mabaya. Lakini usimwambie mnunuzi ni ya daraja la kwanza. Na waridi la jana liitwe la jana, liuzwe kwa bei ya jana. Anayedanganywa mara moja harudi kugombana. Hupita njia nyingine tu, nawe hutajua sababu.

La tatu ni saa. Kanisa likitaka maua Jumamosi saa kumi, yafike kabla ya saa kumi. Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa hilo. Abiria husamehe kiti kigumu, lakini hasahau siku aliyoachwa stesheni.

La nne ni malalamiko. Mnunuzi akirudi na kusema maua yamekufa siku ya pili, mpe mengine bila kumtaka alete shahidi. Sisi katika chama twajua: mwanachama aliyesikilizwa hukaa, na mwanachama aliyepuuzwa hurudisha kadi. Shada moja la kubadilisha ni rahisi kuliko mnunuzi wa miaka mitano.

La tano, jihadharini na mkopo. Wengi hudhani kukopesha ni kufunga urafiki. Lakini mwenye deni la maua huona haya kupita mbele ya ndoo zako, na mwisho umepoteza fedha na mnunuzi pamoja. Afadhali kumpa ua moja bure kuliko kumkopesha kumi. Kwa hoteli na kanisa wanaolipa mwisho wa mwezi, liwepo karatasi lenye tarehe na sahihi.

La sita ni siku kubwa. Ifikapo tarehe 14 Februari, waridi huadimika na bei hupanda kila mahali. Muuzaji akimtoza mnunuzi wake wa mwaka mzima bei ya mgeni, atavuna siku moja na kupanda chuki miezi kumi na moja. Wanunuzi wa kudumu waulizwe wiki mbili mbele, wawekewe yao, na bei yao ipande kadiri ya gharama tu. Na panapo msiba, bei isiguswe kabisa. Watu husahau aliyewauzia maua ya harusi, lakini aliyewatendea wema siku ya mazishi hawamsahau.

Yote haya hayawezi kukaa kichwani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shule latosha: jina, siku, aina ya maua, kwa shughuli gani, na kama aliridhika. Ukiona mtu aliyenunua kila Ijumaa hajaonekana wiki tatu, mpigie simu umwulize hali. Usimwuzie kitu siku hiyo. Mwulize hali tu.

Neno la mwisho, ndugu. Tukitafuta faida tusiipate kwa jasho la mtu mwingine. Kijana anayekusaidia kubeba ndoo alipwe siku yake. Yeye ndiye anayepeleka shada mlangoni, na mnunuzi humwona yeye kabla ya kukuona wewe. Kijana mwenye njaa hawezi kutabasamu kwa niaba yako.

Twaomba kila jamaa yenye biashara hii ianze daftari juma hili, na tukutane tena mwisho wa mwezi ujao tuyalinganishe: wangapi walirudi, na maua mangapi yalitupwa. Hapo hatutasema kwa kukisia.