Biashara ikifa, usife nayo

(Mazungumzo haya niliyatoa mbele ya vijana wafanyabiashara wadogo, jirani na soko la Kilombero, Arusha. Nimeombwa niyaandike kama nilivyoyasema. Wewe msomaji ambaye hukuwapo, jihesabu umekaa nasi kwenye benchi.)



Mimi si daktari. Shule yangu iliishia kidato cha nne, na karatasi ya matokeo siwaonyeshi. Kazi yangu ni kuandika habari na kulipwa kwa kipande, siku wakilipa. Lakini liko jambo nimelipitia mwenyewe, na naona tunalinyamazia huku linatumaliza. Kijana anaanzisha biashara, biashara inayumba, na kichwa chake nacho kinayumba. Biashara tunaijadili kijiweni mchana kutwa. Kichwa hatukijadili hata dakika moja. Kwa nini?

Mwaka 2019 nilikuwa nachapa fulana. Twiga, tembo, Mlima Meru, na maneno mawili matatu ya kumfurahisha mtalii. Mtaji, nusu nilipewa na mama, nusu nilikopa kwa mkopeshaji wa mtaani. Mambo yalikuwa yananyooka. Nikaanza kuitwa "bosi" pale Ngarenaro, na mimi nikaitika.

Machi 2020 ikaingia Corona. Mwezi wa nne ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Zilipofunguliwa Mei, watu wa kuzipanda hawakuwepo. Takwimu za Serikali zinasema mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka mpaka kama 620,000. Hizo ni takwimu. Kwangu mimi zilikuwa fulana mia mbili na arobaini chini ya kitanda. Nililala juu ya mtaji wangu miezi minane.

Kulala nasema tu. Sikulala. Saa nane usiku macho yako wazi, napiga hesabu ileile inayokataa kutoka. Simu ikilia nailaza kifudifudi. Nikimwona mkopeshaji Mianzini nahama barabara. Mama akiuliza, namwambia mambo safi. Chakula kikawa kama majani. Mdogo wangu akicheka, namfokea. Na bado asubuhi nanyoosha shati, naenda kijiweni, naitwa bosi.

Sasa nisikilizeni kuhusu mshikaji wangu. Jina lake silitaji. Yeye alianzisha ofisi ya safari, gari moja la mkopo, chumba kimoja cha kupanga. Baba yake aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba la kahawa huko Nkoaranga ili mtoto aanze. Katikati ya 2020 wenye mkopo wakalichukua gari. Siku ileile simu yake ikazimwa.

Sisi kijiweni tulisemaje? Tulisema kakimbia madeni. Mmoja akasema yuko Nairobi anakula raha. Tukacheka. Siku tisa, ndugu zangu, tulicheka! Mzee anayetuuzia kahawa ndiye aliyetunyamazisha. Alisema: "Anayekimbia huchukua nguo. Huyo nguo zake ziko kwenye kamba mpaka leo."

Tukapanda dalala mpaka Tengeru, tukashika njia ya mlimani. Tulimkuta kwa bibi yake, kajikunja kwenye kibanda nyuma ya migomba, kakonda, hazungumzi. Bibi yule alikuwa hamwachi peke yake. Kijana akienda chooni, bibi anasimama nje anakohoa, ajue kuna mtu. Usiku aliweka kigoda mlangoni. Hakuwa na dawa wala elimu ya saikolojia. Alikuwa na kigoda na kikohozi. Baadaye mshikaji aliniambia: "Nilikuwa nataka mtu aje, na nilikuwa sitaki aje." Maneno hayo nimeyabeba mpaka leo.

Je, tungechelewa siku nyingine tisa? Jibu mnalijua.

Ndugu zangu, tusidanganyane kwamba haya ni ya watu dhaifu. Mwaka 2015, daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Michael Freeman, na wenzake walitoa utafiti wa waanzilishi wa biashara 242. Asilimia 49 walisema wamewahi kupata tatizo la akili, kama sonona au wasiwasi uliopitiliza. Kwa watu wengine waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 32. Hao ni watu wa Marekani, kwenye benki na bima. Sisi wa Kilombero, tunaoamka saa kumi na kufukuzana na mgambo, tunajifanya chuma?

Na tusidanganyane kwamba kila biashara inayokufa imeuawa na uzembe wa mwenyewe. Waulizeni madalali wa tanzanite. Novemba 2001 gazeti moja la Marekani liliandika kwamba jiwe letu linawafadhili magaidi wa Osama. Maduka makubwa ya huko yakaacha kuliuza, bei ikaporomoka. Mwaka 2002 Serikali ya Marekani yenyewe ikasema haikuona ushahidi kwamba biashara hiyo ilikuwa inawafadhili. Aliyefilisika Mirerani kwa habari iliyoandikwa ng'ambo, kosa lake lilikuwa nini? Mwaka 2021 Serikali ikaamua biashara ya jiwe hilo ifanyike Mirerani. Kule wapo waliofurahi, lakini hapa mjini walikuwepo waliobaki na ofisi, kodi ya pango na meza tupu. Amri inatoka juu, usingizi unamtoka wa chini.

Lakini sisi tunamkumbuka nani? Tunamkumbuka Saniniu Laizer, aliyeuza mawe mawili Juni 2020 kwa shilingi bilioni 7.7. Hongera zake, kapata kwa jasho. Ila kwa kila Laizer mmoja kuna wangapi waliotoka shimoni mikono mitupu? Hao hawapigwi picha. Na kijana anayelala njaa akijilinganisha na picha ya Laizer, lazima ajione hafai.

Halafu kuna wanyonyaji. Mikopo ile mnayoiita kausha damu, jina lake linajieleza. Na ile ya kwenye simu: unachelewa siku mbili, ujumbe unatumwa kwa shemeji, kwa mwajiri wako wa zamani, kwa mchungaji, kwamba wewe ni mwizi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja programu 69 za mikopo ya aina hiyo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Sitini na tisa! Wale wanajua wanachokishambulia. Hawatafuti sahani zako, wanatafuta aibu yako. Sasa sikia hili ulikariri: deni la kukopeshana, kama hukudanganya wala hukughushi, ni shauri la madai, si la jinai. Anayekutisha usiku wa manane kwamba asubuhi unakwenda jela anacheza na akili yako.

Tena hata sheria inajua kumtenga mtu na biashara yake. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, kampuni iliyosajiliwa ni mtu wa peke yake. Inadai, inadaiwa, na inaweza kufa huku mwenyewe akiendelea kuishi. Jina la biashara peke yake halikupi kinga hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini mkopo. Lakini maana yake ishike leo: iliyofilisika ni biashara. Wewe hukufilisika.

Najua mtakachosema. Mwanaume hulia ndani. Haya, tuone matunda yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwa kulinganisha, wanaume hufa hivyo zaidi ya mara mbili ya wanawake. Huko ndiko kulia kwa ndani kunakotupeleka. Na sheria tulizorithi kwa Mwingereza ziliongeza chumvi kwenye kidonda, zikamfanya aliyejaribu kujiua akanusurika kuwa mhalifu. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba yao. Mgonjwa anahitaji kitanda. Pingu za nini?

Zimbabwe wana daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda. Mgonjwa wake, binti kijana, alijiua. Familia ilitaka kumleta hospitali, ikakosa nauli ya basi, dola 15. Daktari hakulala. Tangu 2006 akaanza kuwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile Washona wanachokiita ugonjwa wa kuwaza kupita kiasi. Ilipopimwa kitaalamu, 2016, ilionekana kweli watu wanapata nafuu. Wazo hilo likavuka mpaka Malawi na Zanzibar. Niliposoma habari hiyo nikamkumbuka bibi wa Nkoaranga na kigoda chake.

Na mlima huu una somo lake la zamani. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza Wameru kama 3,000 huko Engare Nanyuki ili walowezi wapate ardhi. Watu walichangishana senti zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Hakurudi na shamba mkononi. Lakini hakuna aliyejifungia akasema nimeshindwa mimi. Msiba ulikuwa wa wote, ukabebwa na wote. Sisi leo tunapata hasara ileile ya Corona, mtaa mmoja, mwezi mmoja, na kila mmoja anajifungia na aibu yake kama ya pekee!

Basi tufanye nini?

Kwanza, mwambie mtu mmoja ukweli wa hesabu zako. Mmoja tu. Mimi nilimwambia mama. Alinyamaza, akaniuliza, "Umekula?" Usiku ule nililala.

Pili, mkabili anayekudai kabla hajakusaka. Niliahidi kidogo kila wiki, nikatimiza. Riba haikupungua, lakini kuhama barabara kuliisha.

Tatu, usingizi na chakula vikikukataa wiki mbili, au ukianza kuwaza kwamba bora usingekuwepo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Pale Mount Meru, hospitali yetu ya mkoa, uliza habari za afya ya akili. Usiogope kwamba unapelekwa Mirembe. Mwenye malaria haoni haya kupima damu.

Nne, na hili ni la kijiwe kizima: mwenzenu akizima simu, msicheke. Nendeni. Kwenye kikoba mnaulizana marejesho. Ulizaneni na usingizi.

Mshikaji wangu leo anaendesha gari la mtu mwingine. Deni hajalimaliza. Shamba la baba halijarudi, na sitawadanganya kwamba litarudi. Lakini wiki iliyopita alinipigia bila sababu, akasema, "Nilitaka tu kusikia uko hai." Nikamwambia niko hai.

Nanyi, nawataka muwe hai. Mtaji hutafutwa tena.