Kabla Hujasaini, Uliza Nani Analipwa Kwanza

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wetu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Leo sizungumzii tume ya uchaguzi wala katiba mpya. Nazungumzia hisa. Najua mada hii inaleta usingizi, hasa baada ya wali, lakini nivumilieni.

Hosteli ninakokaa, ukijulikana unasoma sheria, kila mwenye karatasi anakuletea wewe. Siku hizi zinakuja karatasi za wawekezaji. Kijana katengeneza programu ya simu, mfuko wa nje umeipenda, kapewa kurasa chache za Kiingereza. Anauliza kitu kimoja tu: "Wanachukua asilimia ngapi?"

Swali hilo halitoshi. Chukulia mwekezaji kaweka dola milioni 1, kapata asilimia 20. Wewe na mwenzako mna 80, mnapongezana. Miaka mitatu baadaye mambo yamekuwa magumu, kampuni inauzwa kwa dola milioni 1.2. Haraka haraka unapiga hesabu: asilimia 80 ya hapo ni dola 960,000. Hapana! Hisa zake ni za upendeleo, na mkataba unasema anarudishiwa fedha yake kwanza. Anachukua milioni yake, zinabaki 200,000. Na kama mkataba unamruhusu pia agawane kilichobaki, anachota asilimia 20 ya hapo, yaani 40,000 nyingine. Ninyi wenye asilimia 80 mnaondoka na 160,000. Hakuna aliyewaibia. Iliandikwa, mkasaini.

Simsemi mwekezaji vibaya. Kampuni changa nyingi zinakufa, na yeye hakuomba hati ya nyumba ya baba yako kama benki inavyofanya. Anajilinda. Wewe je, umejilinda?

Kuna karatasi nyingine inaitwa SAFE, iliyotolewa na Y Combinator ya Marekani mwaka 2013. Jina lake maana yake "salama", sijui ni salama kwa nani. Unapewa fedha leo, hisa zinakuja baadaye, kampuni ikichangisha mtaji mkubwa. Si mkopo: haina riba wala tarehe ya kulipa. Kwa sababu hiyo vijana wanazisaini kama risiti za duka. Moja inabeba asilimia 10, nyingine 15, nyingine 10. Siku zinapogeuka hisa, mwanzilishi anagundua theluthi ya kampuni ilishaondoka zamani.

Sasa njooni kwenye siasa. Kampuni nyingi za vijana wetu zinazopata fedha hizi, kampuni mama iko Delaware, Marekani. Ya hapa inabaki mtoto. Wawekezaji wanaijua sheria ya kule, na mahakama yake ya Chancery inaamua kesi za makampuni bila baraza la wazee wa mahakama, majaji wamebobea. Siwalaumu. Lakini ukigombana na mwekezaji wako, wewe uko Mbeya, wakili utamlipa kwa nini?

Huku nyumbani kuna nini? Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 haina neno lolote kuhusu karatasi kama SAFE. Ukiamua kuchukua mkopo wa nje unaoweza kugeuzwa hisa, lazima usajiliwe Benki Kuu kupitia benki yako, upate namba ya kumbukumbu ya deni. Halafu kuna kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Kilivyoandikwa mwanzoni, umiliki ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni ilihesabiwa kama imeuza mali zake zote, hata kama mfukoni haijaingia shilingi. Kimerekebishwa, someni toleo jipya, lakini muelewe mantiki yake. Kililenga makampuni makubwa yanayouzwa huko nje kimyakimya, na lengo hilo mimi naliunga mkono kabisa. Tatizo lilikuwa pale kilipoweza kumkuta kijana anayeongeza mtaji tu.

Tunisia ilitunga sheria ya kampuni changa mwaka 2018, Senegal 2019, Nigeria 2022. Kwetu mawaziri wanapiga picha kwenye maonyesho ya ubunifu.

Ndiyo maana nataka ilani yetu isiishie kwenye "mikopo kwa vijana". Nataka iseme mambo mawili: Sheria ya Makampuni itambue karatasi hizi na iweke kiolezo cha Kiswahili BRELA, na kodi ya umiliki itofautishe anayeuza hisa zake na anayetoa hisa mpya ili kampuni ikue. Rasimu nimeshaiandika, kurasa nne, nitaituma kwenye grupu usiku huu. Ichaneni.

Bado sijagusa hisa za waanzilishi wenyewe, zile unazozipata kidogo kidogo kwa miaka minne, na ukiondoka kabla ya mwaka mmoja huambulii kitu. Naona mikono miwili iko juu tayari. Anza wewe, dada wa nyuma.