Msimbo ni wa Nani? Mada kwa Wasanidi Programu Wanaotaka Kujiajiri



Nimeombwa nizungumzie mtaji. Sitakaa hapo sana. Mtaji wa kazi yetu ni kompyuta, intaneti na pesa za kula na kulipia nyumba mpaka mteja wa kwanza alipe. Hizo mtu huziweka akiba angali kazini. Wanaoacha ajira hapa Kenya huumizwa zaidi na karatasi.

Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinaeleza kwamba hakimiliki ya kazi iliyobuniwa katika ajira huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwajiri, ila pakiwa na mapatano mengine. Programu za kompyuta zimo. Ule mfumo wa mikopo ya SACCO ulioandika ukiwa na mshahara si wako, hata kama hakuna mwingine ofisini anayeuelewa. Ukitoka nao kwenye diski ukaiuzia SACCO nyingine, umeuza mali ya watu.

Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kifungu hichohicho kinamfuata aliyejiajiri. Kazi uliyoagizwa na mteja, hakimiliki yake nayo huhamia kwa aliyeagiza, mkataba usiposema vingine. Tuseme umeliandikia mfumo wa stoo duka la vifaa vya ujenzi Nakuru, na sasa duka la Eldoret linataka kama huo. Ikiwa hukuandikiana na yule wa kwanza kwamba msimbo unabaki kwako na yeye anapewa ruhusa ya kuutumia, umejifungia mlango. Utaanza upya kila mara, na huo ni ukibarua usio na likizo.

Lakini mikataba yenyewe iko wapi? Kazi hupatanwa kwa simu, nusu ya malipo huingia kwa M-Pesa, basi. Baadaye mteja anaomba ripoti hii, kesho kitufe kile, na bei haijasogea. Andika mapema yaliyomo katika kazi. Kila nyongeza iwe na bei yake.

Jambo jingine ni unachouza. Tangu Safaricom ilipofungua jukwaa lake la API, Daraja, mwaka 2017, kuunganisha mfumo na M-Pesa si siri ya wachache tena, na bei ya kazi hiyo haiwezi kubaki juu. Asichokipata mteja kwa urahisi ni mtu wa kupokea simu mwisho wa mwezi, malipo yanapokataa kulingana na vitabu. Huduma hiyo iuzwe kwa mwezi, kwa mkataba. Kwa maoni yangu ndiyo biashara yenyewe. Kuandika programu ni utangulizi tu.

Kuhusu kodi nitasema moja: kampuni ikikulipa ada ya kitaalamu, itakata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Hiyo ni kodi yako iliyolipwa mapema. Dai cheti chake, ukitumie unapowasilisha ritani.

Na ukiondoka, toa notisi kamili. Mwajiri uliyeagana naye vizuri anaweza kuwa mteja wako wa kwanza.

Baada ya chai tutagawanyika vikundi. Aliye na mkataba wake wa ajira kwenye simu aufungue, tuanzie kwenye kifungu cha hakimiliki.