Lutuku na siku ya malipo

Ndugu msikilizaji wa Kasulo, wa Musompo, hata wewe uliye Fungurume, leo tunazungumzia lutuku, pombe kali ya kienyeji. Mchimbaji akishauza mifuko yake ya kobalti, fedha zikiwa mfukoni, chupa haiko mbali. Hapo ndipo uamuzi wa kuacha pombe hupimwa, si asubuhi kichwa kinapouma na kila mtu anaapa kuacha.

Anayejiambia "ndivyo nilivyo" amekata tamaa kabla ya kujaribu. Anayeamini kwamba ulevi ni ugonjwa unaotibika hutafuta msaada, na akianguka huanza tena. Hupanga mapema: fedha apokee na nani, arudi nyumbani kwa njia ipi.

Ila nia peke yake haitoshi, na wanaohubiri kinyume wanahatarisha watu. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Hatari kubwa ni siku chache za kwanza. Basi ndugu yako akionyesha dalili hizo, usimfungie ndani, wala usianze na maombi. Mpeleke hospitali mara moja.