Moto ya zamani na franga za sanduku
Maneno ya animateri wetu wa eneo kwenye mkutano wa wanachama na wafadhili, Miti



Komite iliniomba niseme dakika chache juu ya moto. Najua wengine wenu munangoja hesabu kwanza, na muko na haki. Sanduku yetu ilitoa dola 140 kutengeneza moto ambayo ilitembea siku tisa, kisha ikakwama njiani na mgonjwa akiwa juu yake. Franga ile haikutoka kwa mfadhili. Ilitoka kwa mama mwenye kuuza sombe kando ya barabara, na kwa baba mwenye kubeba mbao kwa mgongo, watu waliorudi hapa bila hata sufuria. Na mimi njo niliwaambia: mutoe, moto hizi nazijua. Kwa hiyo leo naanza na kosa.

Moto yenyewe munaijua. Ni Yamaha AG 100, ile iliyolala miaka chini ya mabati ya ofisi tangu mradi wa zamani ulipofunga. Vijana wanaicheka kwa sababu ya sauti yake ya mahindi yanayokaangwa. Lakini mashine hii iliundwa kwa watu wa mashamba: iko na kibebeo mbele na nyuma, sheni yake imefungwa ndani ya sanduku ili matope isiile, na iko na mguu wa kusimamia kila upande, kwa hiyo kwenye mteremko unachagua upande unaofaa. Ni nyepesi, vijana wawili wanaitoa kwa shimo. Kwa vilima vyetu hiyo ni faida kubwa kupita mwendo.

Kabla ya kugusa hata bulo moja tuliomba karatasi: akti ya sesyo kutoka kwa wenye mradi, na karti ya pinki. Ilituchukua wiki sita, na wengi walinung'unika. Mimi siwezi kubadilisha wazo hapa: usitie franga ya kikundi ndani ya moto ambayo kesho mtu atakuja kusema ni yake.

Sasa lile kosa. Ili mulielewe, munipe nafasi kidogo nieleze moteri.

Moto za taksi tunazoona leo, TVS, Boxer na zingine, ni za mapigo mane. Mafuta ya moteri iko chini kwa karteri, inazunguka mle mle, unaibadilisha wakati ukifika. AG ni ya mapigo mawili, ile mafundi wanaita detan. Kwa detan, esansi na hewa vinapita kwanza chini, kwenye chumba cha vilebrekeni, kabla ya kupanda juu kuungua. Mafuta lazima isafiri pamoja nayo, ipake rulma, ipake pistoni, kisha iungue na kutoka kwa eshapmo. Njo maana inatoa moshi. Mafuta ya vitesi iko pembeni, haifiki kule. Ukitia esansi peke yake, inaosha pistoni mpaka inabaki kavu, na chuma inakula chuma.

Yamaha walilijua hilo zamani. Tangu 1964 walianza kuweka pompe ndogo inayovuta mafuta kutoka tanki yake ya pembeni na kuipeleka kwa moteri kufuatana na gazi. Dereva anajaza esansi ya kawaida na anaangalia tanki ya mafuta, basi. Lakini kwa AG yetu fundi mmoja wa zamani aliondoa pompe na kuziba tundu. Mafundi wengi wanafanya vile. Wanasema pompe ikifa hakuna anayejua mpaka moteri ishike, afazali kufanya melanji kwa mkono. Siwezi kusema ni wajinga. Hofu yao iko na msingi.

Mimi nilikubali melanji. Bidon ya litre 20 ya esansi, litre moja ya mafuta ya 2T, au mililita 50 kwa kila litre. Niliandika hayo juu ya tanki na markeri nyeusi, nikafikiri nimemaliza kazi. Na franga? Tulinunua segma mpya, bujie, kebo, shambreri. Kisha, munisamehe, dola 35 zikaenda kwa rangi na kiti, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja na nilitaka iwe nzuri kwa picha. Pistoni ya zamani tuliiacha.

Siku ya tisa nilikuwa Bukavu kwa mkutano. Kijana wetu dereva aliitwa usiku, mama mmoja ameshikwa na uchungu. Walipokuwa njiani esansi ikapungua. Akaamsha kadafi wa pale kando ya barabara, akanunua chupa mbili, akatia. Esansi safi, nzuri, haina maji. Na haina mafuta. Kijana alizoea moto ya taksi, maisha yake yote ni mapigo mane. Maandishi yangu juu ya tanki? Esansi iliyomwagika siku zile ilikuwa imeyafuta yote.

Aliniambia baadaye: "Animateri, ilianza kupoteza nguvu kwa kilima, ikapiga filimbi, kisha gurudumu ya nyuma ikakufa." Kwa bahati mwendo ulikuwa mdogo, hawakuanguka. Wanaume wa pale walitoa kipoyi, wakambeba mama mpaka chini. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutoka. Mama ako hapa, mstari wa pili, na mtoto ako kwa mgongo wake. Aliniruhusu niseme.

Kwenye mkutano uliofuata wengine walitaka kijana alipe. Wengine walitaka tuuze chuma kwa kilo. Mama mtunza sanduku aliuliza ulizo moja tu: "Kama wewe ulijua ile moto inakufa ikikosa mafuta, sababu gani ulimuachia mtu mwenye hajue?" Sikuwa na jibu. Kazi ile sikupaswa kuiacha kwa kumbukumbu ya kijana aliyeamshwa usiku wa manane. Ilipaswa kuwa ya mashine.

Basi tulifungua tena, safari hii polepole. Pistoni ilikuwa imechanika upande wa eshapmo, pale joto inazidi, na aluminiamu yake imeganda kwa ukuta wa silinda. Tulipima vilebrekeni namna hii, na ninyi munaweza kuifanya nyumbani: shika biyele kwa vidole, ivute juu, isukume chini. Kama inacheza juu-chini, hata kidogo, rulma imekwisha na hesabu inabadilika kabisa, pengine bora uache. Kucheza kidogo kwa pembeni si shida. Yetu haikucheza juu-chini. Pale njo nilirudi kwa komite kuomba mara ya pili.

Pistoni tulitafuta Kadutu siku mbili, tukapata ya kipimo 0.50, maana yake nusu milimita zaidi ya ile ya kiwanda. Munisikilize hapa, kwa sababu watu wanapoteza franga nyingi: nunua pistoni kwanza, kisha upeleke silinda kwa turneri pamoja na pistoni mkononi mwake. Ukitoboa silinda kwanza halafu kipimo kile kikakosekana sokoni, umebaki na chuma ya kupamba nyumba. Na umwambie turneri alainishe kingo za matundu ndani ya silinda akimaliza, kwa sababu kwa detan segma zinapita juu ya matundu hayo, kingo kali zinazikata. Wakati wa kufunga, mshale ulio juu ya pistoni unaangalia eshapmo.

Tulibadilisha juwe spi zote mbili za vilebrekeni. Ni kitu cha dola tatu kila moja ambacho mafundi wa haraka wanaruka. Ya upande wa manyeto ikivuja, moteri inavuta hewa ya wizi, inapata joto, inashika, hata kama mafuta iko. Ya upande wa ambreyaji ikivuja, inakunywa mafuta ya vitesi na inatoa moshi mweupe kama jiko la makala mabichi.

Eshapmo tuliichoma katika moto wa makaa na kuigonga. Kilitoka kikombe kizima cha masizi magumu. Haikugharimu kitu, na labda ndiyo iliyorudisha nguvu kupita yote. Filtre ya hewa nayo haikuwepo, mtu alikuwa ametia kipande cha musi ya matela. Kiangazi, Julai na Agosti, vumbi ya barabara yetu inapita pale kama unga kwa chekecheo. Tulinunua musi ya filtre, tukailowesha mafuta kidogo.

Na pompe. Tuliitoa kwa AG ingine iliyokufa, tukairudisha mahali pake. Hofu ya mafundi tuliijibu kwa mambo matatu. Bomba ya kutoka pompe ni ya kuonyesha ndani, unaona mafuta ikitembea na kama iko na povu ya hewa. Tanki ya kwanza ya esansi tuliitia melanji vilevile, mafuta mara mbili: ilitoa moshi mpaka watoto walikohoa, lakini kama pompe ingelala, moteri ingepona. Na kwa tanki ya mafuta tulipiga alama. Kila mara dereva akijaza esansi anaangalia alama. Esansi ikishuka na mafuta haishuki, anazima pale pale, hata kama ako na waziri nyuma.

Baba mmoja mwenye kupasua mbao na tronsoneze alicheka sana siku ile. Alisema: "Animateri, na mashine yangu ni vile vile. Mafuta kwanza. Ungeniuliza." Kweli. Nilipitia mafundi wanne wa Bukavu, na mwenye kujua alikuwa anakaa mita mia mbili kutoka ofisi.

Neno moja kwa madereva. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya bahari, na ukipanda kwa njia ya Bunyakiri mpaka Tshivanga unapita 2,000. Kule hewa ni nyepesi, bujie inaweza kuwa nyeusi na moteri kuwa nzito. Usikimbilie kutia jikler ndogo. Ukishuka nayo huku chini, moteri itakosa esansi, itapata joto, na tutarudi kwa hadisi ya kwanza.

Hesabu ya mara ya pili, kwa dola. Pistoni na segma 22. Turneri 15. Juwe spi 6. Juwe zingine 4, ya chini ya silinda tulikata wenyewe kwa karatasi ngumu. Pompe 25, bomba zake 3. Bujie 2. Musi ya filtre 5. Mafuta ya 2T litre tatu, 12. Fundi 20. Safari 8. Jumla 122. Wafadhili walitoa 60, sanduku 40, na 22 nilitoa mimi kwa mshahara wangu. Sitaki mupige makofi, ni ya rangi ile. Ukiunganisha na mara ya kwanza, moto imetugharimu 262. Karatasi za manunuzi ziko mezani kwa mama mtunza sanduku, hata ile ya kadafi.

Mgeni mmoja aliniuliza asubuhi: si bora mungenunua mpya? Kama ingekuwa ya taksi, ningesema ndiyo, bila kusita. Mpya inapita dola elfu moja, haina mambo ya 2T, na vipande vyake viko kila kona. Vya AG vinazidi kuwa haba kila mwaka, na siku vilebrekeni yetu itakufa, sitakuja hapa kuomba tena. Lakini elfu moja hatukuwa nayo, na mama wenye mimba hawakuwa wanangoja tupate.

Leo moto imefanya mwezi wa pili. Imeshusha wagonjwa, imepandisha mbegu za viazi. Kijana ni yule yule. Yeye njo anawafundisha wengine alama ya tanki, na anawafundisha kwa ukali.

Inabaki mambo ambayo lazima muamue leo, mimi siwezi. Pine ya nyuma imekwisha, inatakiwa kabla ya mvua kubwa. Komite inapendekeza mwanachama alipe esansi tu kwa mgonjwa, na franga elfu tatu zaidi kwa mzigo, ili mafuta ya 2T isinunuliwe na sanduku. Wengine wanasema elfu tatu ni mingi kwa mjane. Na ufunguo: ukae kwa dereva, au kwa mama mtunza sanduku ambaye usiku analala mbali? Moto iko inje chini ya mti. Wenye kutaka kuiangalia waende sasa kabla ya kupiga kura, bomba ya mafuta iko upande wa kuume.