Kitunga cha Bijombo: mkulima asibebe hasara peke yake

Maneno tuliyosema mbele ya wakulima na vijana, Bijombo



Bijombo iko juu, zaidi ya mita 2.000. Ziwa Tanganyika iko chini, kwenye mita karibu 770. Baridi ya huku inatupa viazi, shu, karoti na pwaro. Joto ya Uvira inatoa sombe na lengalenga, na ziwa linatoa ndagala. Mji unahitaji mlima, na mlima unahitaji mji. Lakini mama anayeshuka na mzigo mgongoni anafika sokoni amechoka, na mnunuzi anajua kama hawezi kurudi nao. Basi bei anaiweka mnunuzi. Mvua ya mawe ikipiga shu, hasara ni ya mkulima. Vita ikifunga njia, hasara ni ya mkulima. Watu wakikimbia na kuacha mavuno shambani, hasara ni yake tena.

Sisi tunasema: hasara igawanywe.

Namna gani? Familia za mjini zinapatana na shamba moja la familia kwa msimu mzima. Zinalipa mbele, na kila wiki zinapata kitunga cha mboga. Shamba likizaa sana, kitunga kinajaa. Likizaa kidogo, kinapungua, na kila mtu anajua sababu. Hii si ndoto. Wajapani walianza miaka ya 1970. Marekani walianza 1986. Ufaransa ilianza 2001, kwa shamba la Les Olivades karibu na Toulon.

Mtatuambia: huko watu wako na mishahara. Ni kweli. Mwalimu wa Uvira hawezi kulipa msimu mzima mara moja. Lakini likelemba tunaijua sisi wote. Tuseme familia 20, kila moja faranga 10.000 kwa wiki, zinalipwa wiki moja mbele. Ni faranga 200.000 ambazo mkulima anazijua kabla hajavuna. Anaweza kununua mbegu bila kukopa, na anaweza kumlipa mbebaji vizuri.

Sasa tuseme ukweli wa njia. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu mabariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini. Kitunga kiko na bei moja, iliyopatanwa. Kila faranga inayochukuliwa kwenye kamba inatoka kwa mkulima ao kwa mtoto anayengojea chakula Uvira. Katiba yetu, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria tu. Kifungu cha 47 kinahakikisha usalama wa chakula. Kamba bila sheria na bila risiti si kodi, ni wizi.

Na jambo la mwisho, gumu kuliko yote. Hapa tuko Banyindu, Bafuliiru, Bavira, Banyamulenge. Mashamba yaliharibiwa, ng'ombe ziliibwa, na watu wa kila upande walilia. Lakini shamba linataka mbolea ya ng'ombe, na mchungaji anataka viazi na maharage. Kwa hiyo kitunga kisiwe cha kabila moja. Anayeandika majina ya familia za Uvira asiulize mtu ni wa wapi.

Tunaomba hivi:

Kwa viongozi: ondoeni mabariyeri yasiyo na sheria kwenye njia ya Bijombo na Uvira. Penye kodi ya sheria, patolewe risiti.

Kwa wenye silaha, wote: mwenye mzigo wa mboga apite.

Kwa familia za Uvira: anzeni na shamba moja, msimu mmoja. Musikimbie wiki ya kwanza kitunga kikipungua.

Kwa wakulima: andikeni munachovuna, musifiche kizuri kwa kukipeleka sokoni.

Na sisi vijana, wenye diploma na bila kazi? Tulisoma kuhesabu na kuandika. Tutashika daftari: nani amelipa, nini kimeshuka, kamba gani imechukua ngapi. Hesabu ya kila wiki tutaisoma mbele ya watu, huku juu na kule chini.

Hatutangoji amani ikamilike ndipo tule pamoja.